Upungufu wa Kinga

Chupa nimeiziba pamba mdomoni,
kama maiti.
Vidonge vikitikisika hunena,
na vichochoro vya Langoni ni vyembamba:
ukipiga chafya barazani kwako
nyumba ya tatu wanakuombea rehema.

Saa tatu ya usiku niko chini ya taa,
nashona kofia ya mtu.
Kishimo baada ya kishimo,
sindano yazama, yaibuka.
Nikifika mia mbili nasita.
Natoa pamba, namimina kimoja kiganjani,
nakishusha kwa maji,
narudisha pamba.
Mia mbili na moja.

Bwanaheri wangu hakuhesabu kitu.
Alipokonda walisema ni kifua.
Walisema ni kijicho cha mtu wa Wiyoni.
Halafu, kwa sauti ya kusukumia sinia,
wakasema amekanyaga waya.
Waya gani, jamani,
mji huu ambao nyaya zote
zapita juu ya vichwa vyetu na vya punda?

Eda ilipokwisha nilialikwa harusi kwa kina Mwanakhadi.
Wenzangu wanne wanne kwenye sinia,
mkono ukigusa mkono.
Mimi nikaletewa sahani,
ya maua, ya kigeni, nzuri hasa.
"Kula kwa nafasi, dada."
Nilikula. Pilau ilikolea.
Sijapata kuona njaa kama ya siku ile.

Kenga, kijana wa dirisha la dawa,
ana ramani ya dunia ukutani
iliyopakwa wekundu, hapa mzito, kule hafifu.
Lamu haionekani; msumari umepigwa juu yake.
"Ni mamilioni, mama," huniambia,
kama anayenipa pole.
Mimi mamilioni siyajui.
Najua thelathini.
Mwezi jana akanihesabia kumi na tano,
akahesabu tena, kana kwamba vitazaana.
"Mzigo umekwama. Huko mbali
kuna mtu kafunga daftari."
Sikuuliza jina lake.
Nilimfikiria mwanamke mwingine
chini ya wekundu ule,
salamu ya kwao siijui,
naye ameshika chupa,
anatafuta pamba.

Kwenye karatasi wameandika kirefu cha jina:
Upungufu wa Kinga Mwilini.
Kinga!
Nyanya yangu kinga akiisukuma mekoni kwa mguu,
kijiti cha mkoko, ncha nyekundu,
na jirani akibisha alfajiri, "Nipa moto,"
alimegewa kaa kabla hajamaliza salamu.
Nyumba tano ziliwaka kwa mti mmoja.
Kinga na kinga, alisema,
ndipo moto uwakapo.
Basi walionitoa damu
walipima mahali sipo.
Wangepima mtaa.

Jana umeme ulikatika
nikiwa mia moja na tisini na kitu.
Mwanashee wa mlango wa pili akaingia
simu yake ikimulika, ataka kiberiti.
Mwanga ukapita kofia, ukapita sindano,
ukatua juu ya chupa iliyo wazi
na pamba kando yake.
Hakusema. Nami sikusema.
Mbu mmoja alisema kwa niaba yetu.
Akakaa mkekani.
Akachukua kikombe changu,
kile kile, nilichobakisha maji,
akanywa mpaka chini.
"Maji yako," akasema, "yanukia ubani."
Akaniuliza bei ya kofia,
akasema nauza rahisi mno,
akaondoka.

Kiberiti kakisahau.
Nami hesabu imenipotea,
nafumua safu nzima, naanza moja.
Mwenye kofia atakuja Ijumaa.
Vidonge vimebaki vinne.
Pamba
sijui nimeiweka wapi.